Raynox DCR-250 baada ya Kwaresma mbili: nusu shubiri kutoka kwenye jicho la nyuki

Kazi yangu ni harusi. Napiga picha za harusi, sendofu, kipaimara na mahafali hapa Mbeya, na kwa kuwa wateja wangu karibu wote ni Wakristo, ikifika Jumatano ya Majivu simu inanyamaza. Mpaka Pasaka ipite, kamera inakaa kwenye begi. Zamani kipindi hicho nilikiogopa kwa sababu kodi ya fremu ya duka haijui Kwaresma. Siku hizi nakisubiri. Huku kwetu Kwaresma inaangukia kwenye mvua za mwisho: nyasi zimefika kiunoni, maharage yanatoa maua, na jani lolote ukiligeuza lina mkazi wake. Iliyopita ilikuwa Kwaresma yangu ya pili kupiga wadudu kwa kioo kidogo kinachoitwa Raynox DCR-250. Wapiga picha wenzangu watatu wameshaniuliza wanunue au wasinunue, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja.

Ni lenzi ndogo ya kuvalisha mbele ya lenzi nyingine. Imetengenezwa Japani, inatosha kiganjani, na inakuja na kishikio cha plastiki chenye springi pande mbili: unabana kwa vidole, unakiweka mdomoni mwa lenzi yako, unaachia, kimekamata. Kinakaa kwenye lenzi yenye uzi wa filta wa kuanzia milimita 52 mpaka 67. Nguvu yake ni dayopta 8. Shambani maana yake ni hii: ukiweka fokasi ya lenzi yako mbali kabisa, ile unayopigia milima, kitu kitaonekana sawasawa kikiwa sentimita 11 au 12 mbele ya kioo. Nusu shubiri. Na umbali huo haubadiliki ukizumu, anayebadilika ni mdudu tu, anakua au anapungua. Mimi naivalisha kwenye lenzi ya zumu ya Canon 55-250 niliyokuwa nayo tayari kwa ajili ya kanisani, kwenye kamera ya 700D. Zumu ikiwa kwenye 125, mdudu anaingia kwenye sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea picha, kwa ukubwa wake halisi. Nikivuta mpaka 250 anaingia mara mbili ya ukubwa wake, na hapo upana wa picha nzima ni milimita 11. Nyuki wa mzinga hatoshi humo. Unapata kichwa na kifua, tumbo linabaki nje.

Niliilipia laki mbili na themanini, pamoja na kuletewa, kupitia mtu wa Dar anayeagiza vifaa. Lenzi kamili ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, niliyotajiwa wakati ule, tena iliyokwisha kutumika, ilikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Na nilikuwa nimeshapoteza elfu kumi na tano kwenye vile vilenzi vya kubana kwenye simu, nilichokinunua mezani pale Mwanjelwa. Katikati kinaonyesha vizuri kiasi, pembeni kila kitu kinavutika kama plastiki iliyokaribia moto, na ili mdudu aonekane lazima simu ifike sentimita mbili kutoka kwake. Ukifika hapo kivuli cha simu kimeshamfunika, ameruka. Waliobaki nipige ni wale waliokufia dirishani.

Sasa, kioo kinachokuza ni kitu kimoja. Picha ya mdudu yenye nguvu ni kitu kingine, na hilo sikulijua mpaka Mama aliponiambia.

Picha zangu za kwanza za Raynox nilichapisha sita, nikapanda Coaster mpaka Tukuyu. Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia, akanawa mikono, akajifuta kwa khanga ndipo akazipokea moja moja. Kwa kipimo changu cha siku zile zilikuwa kali sana: bawa la kumbikumbi na kila mshipa wake, mguu wa panzi na miiba yake, tumbo la nyigu linalong'aa. Akazipitia, akazirudia.

"Ndaga, asante mwanangu. Lakini mbona hawa hawana macho?"

Nikamwambia macho yapo, Mama, ila hayakuingia kwenye fokasi.

Akanyamaza kidogo. "Basi umepiga nguo. Mwenye nguo hayupo."

Nimepiga harusi miaka tisa. Siwezi kumkabidhi bibi harusi picha ambayo gauni limeshika uzi kwa uzi halafu uso umepotea, na mtu akinipa picha ya namna hiyo sihitaji kuelezwa kasoro yake. Kwa wadudu nilikuwa nafanya hivyo hivyo bila kujua. Nilikuwa nafurahia ukubwa. Tangu siku ile, nikifungua picha kwenye kompyuta, nakwenda kwanza kwenye jicho. Kama jicho halijashika naifuta, hata kama mabawa ni ya ajabu namna gani.

Kulipata jicho ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa mwisho wa zumu, sehemu ya mdudu inayoonekana sawasawa haifiki nusu milimita. Ni kama unene wa karatasi moja mbili za daftari. Ukipumua, imepita. Kufunga apacha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, kunasaidia kidogo, nami nakaa kwenye 11. Nikifunga mpaka 22 kina cha fokasi kinaongezeka lakini picha yote inalainika, ile makali inaondoka, kwa sababu mwanga ukipenya tundu dogo mno unatawanyika. Fokasi ya kamera naizima kabisa. Nachofanya ni kuyumba: kiwiko kimeegemea goti, nasogea mbele polepole sana kama mtu anayesinzia, na jicho linapoingia nabonyeza, picha tatu nne mfululizo. Kama mdudu yuko kwenye kijiti au ubua, nashika ubua huo kwa vidole vya mkono wa kushoto, halafu mdomo wa lenzi naulaza juu ya mkono huo huo. Hapo upepo ukivuma tunayumba wote pamoja, mdudu, mkono na kioo. Hilo limeniokoa kuliko traipodi, ambayo siibebi tena. Hata hivyo, katika picha mia mbili za asubuhi moja nabaki na nne au tano. Mpiga picha wa harusi akisikia hesabu hiyo anashtuka, ila ndiyo hali halisi.

Na ukishaanza kuyatafuta macho unagundua kuwa ni nchi nyingine. Kuna nzi mwenye mistari ya manjano kama nyigu, anayeelea juu ya ua bila kusogea, wengi tunamwogopa bure maana hana mwiba. Dume wake macho yamekutana juu ya kichwa, yamegusana kabisa; jike kuna nafasi katikati. Sasa namtambua dume na jike kabla hajatua. Vunjajungu ana doa jeusi dogo ndani ya jicho, na ukimzunguka doa linakufuata. Halisogei lolote humo: jicho lake ni maelfu ya vijicho vilivyopangwa, na doa ni vile vinavyokutazama moja kwa moja, vinameza mwanga badala ya kuurudisha. Kwa hiyo doa likiwa katikati ya jicho kwenye picha yako, ujue umelipiga jicho hasa. Nyuki wa mzinga ana nywele kwenye macho. Juu ya macho kabisa, zinasimama kama nywele za mkononi. Nimekula asali tangu utotoni, sikuwahi kulijua hilo.

Jambo la kimo ni fupi: shuka. Mdudu aliyepigwa kutoka juu anaonekana kama kitu kilichodondoka. Natandika mfuko wa salfeti, nalala kifudifudi kwenye tope, nawa sawa naye.

Mwanga ndio ulionisumbua kuliko vyote, na hapa kazi ya harusi ilinipa faida. Flashi ikikaa juu ya kamera kama kawaida, mwanga wake unapita juu ya kichwa cha mdudu aliye nusu shubiri mbele ya kioo, na lenzi yenyewe inamtupia kivuli. Ukiielekeza kwake uchi uchi, unapata kidoti cheupe kinachochoma na giza pembeni. Mbawakawa ndiye mwalimu hapa, maana mgongo wake ni kioo: taa yoyote uliyotumia anairudisha ilivyo, umbo na ukubwa wake, na watu wanaona taa badala ya mdudu. Bibi harusi nampigia kwa mwavuli mweupe wa mita moja ili mwanga umzunguke usoni. Nilipojiuliza mwavuli wa nzi uwe na ukubwa gani, jibu likaja lenyewe. Kwa nzi, mfuniko wa kopo la aiskrimu ni mbingu nzima.

Kwa hiyo nimetengeneza. Nimekata kopo jeupe la plastiki la lita mbili, nikalifunga mbele ya flashi kwa raba za kubania nywele, likatoka mbele mpaka juu ya kioo na kuinama kidogo. Ndani nimeweka tabaka mbili za ile foronya nyembamba nyeupe ya povu inayofungiwa runinga mpya; jirani yangu mwenye duka la vifaa vya umeme ananipa bure. Mwanga ukipita humo unamfikia mdudu kutoka juu na pembeni kwa pamoja, laini, kama wa siku ya mawingu Tukuyu. Flashi naiweka kwenye 1/16 ya nguvu zake. Kwa nguvu hiyo mmweko ni mfupi mno, mfupi kuliko shata yoyote ya kamera yangu, yaani muda inaofunguka kupokea mwanga, ndiyo maana mkono ukitetemeka kidogo au mdudu akitikisa papasi, zile pembe nyembamba za kichwani, havionekani. Shata nakaa 1/200 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 200, basi. Kopo hilo limechafuka, lina mkanda wa gundi kila upande, na nyumba ikiungua, baada ya watu ndilo nitakaloliokoa kwanza.

Ila mwanga wa namna hiyo una tabia ya kumwangazia mdudu peke yake na kuiacha nyuma ikiwa nyeusi tii, hata ukipiga saa saba mchana. Wapo wanaoipenda. Mimi siipendi kwa wadudu wa huku. Panzi wa Rungwe aishi kwenye giza kwa nini, wakati Rungwe yote ni kijani? Mpwa wangu ndiye msaidizi. Anasimama nyuma na kipande cha jani la mgomba, kama kiganja na nusu hivi kutoka kwa mdudu, karibu kiasi cha mwanga kulifikia, na ile kijani inajaa nyuma yote bila mchirizi. Jani bichi linatoa kijani cha ujana, lililoanza kukauka linatoa kahawia ya dhahabu inayompendeza nyigu. Wakati mwingine tunatumia khanga ya Mama, lakini rangi zake zinashindana na mdudu.

Tuseme jicho limeshika, mwanga umekaa, nyuma imetulia. Bado picha inaweza kuwa kitambulisho tu. Kwenye mashina ya maharage ya Mama kuna wale wadudu mafuta, vijidudu vya kijani vinavyofyonza utomvu. Nilivipiga wiki nzima, vimekaa tu. Siku moja sisimizi akaja, akampapasa mmoja mgongoni kwa papasi zake, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka tone dogo la maji matamu likatoka mkiani mwa yule mdudu, na sisimizi akalinywa. Anamkamua. Nilishikilia pumzi mpaka kichwa kikauma. Kwenye picha tone liko nje lakini bado halijaguswa, midomo ya sisimizi imefunguka, na ukitazama unasubiri. Hiyo ndiyo picha pekee ya mdudu ambayo mteja aliyekuja kuchukua albamu ya harusi aliomba nimchapie.

Nieleze sasa ile asubuhi ya wiki ya Matawi, maana ndiyo inayonifanya niseme kioo hiki kimelipa.

Ilikuwa Isyesye, pembeni ya shamba la mahindi, saa kumi na mbili na nusu, jua bado. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na asubuhi za wakati ule baridi bado inauma vidole. Wadudu wengi hawana joto lao kama sisi. Baridi ikiwakuta wanaganda walipo mpaka jua liwapashe. Wapo wanaoshauriana kumweka mdudu kwenye friji dakika kumi ili atulie. Sijafanya hivyo na sitafanya. Mdudu aliyetolewa kwenye friji anakaa asivyokaa, miguu imejikunja vibaya, na kwa nini nimtese wakati baridi ya Mbeya inamtuliza mahali pake bila kumgusa?

Kwenye ubua mkavu, kimo cha goti, alikuwa ananing'inia nyuki. Hakuwa wa mzinga. Wapo nyuki wanaoishi kila mtu kivyake, na madume yao hayana nyumba ya kurudi usiku. Jioni yanatafuta kijiti, yanakiuma kwa taya, yanakunja miguu na kulala hivyo, mwili mzima umeshikiliwa na taya tu. Huyu tumboni alikuwa na mistari ya samawati iliyopauka. Umande ulikuwa umemkaa kila unywele, saizi ya zile shanga ndogo kabisa tunazoshonea veli, na tone kubwa kuliko yote lilikuwa limetua kati ya papasi mbili. Baadaye nilipoikuza picha, ndani ya tone lile niliona shamba la mahindi limepinduka, mbelewele chini, mbingu juu yake imekuwa sakafu.

Nilimpiga amelala karibu nusu saa. Picha hizo ni safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Kisha jua likatokea juu ya mabati, likamgusa mgongo. Kwanza papasi moja ikacheza. Halafu akateremsha miguu ya mbele na kuanza kujifuta macho, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Nyuki ana pengo dogo la mviringo kwenye mguu wa mbele, limekatwa kwa kipimo cha papasi yake. Anaiingiza humo na kuivuta yote mpaka mwisho ili itoke safi. Alipoivuta papasi ya kulia lile tone kubwa likapasuka, na nikabonyeza. Baada ya hapo kifua kikaanza kutetemeka, ndivyo wanavyopasha misuli ya mabawa, na kwenye saa moja na nusu akakiachia kijiti. Sikumwona alikokwenda.

Picha niliyoichagua ni ile ya tone kupasuka. Makali yake ni pungufu kuliko zile za usingizini, jicho moja tu limeshika na ubua una ukungu. Nimezitazama zote mbili ukutani kwa mwezi mzima, na ile safi nikaishusha. Kwenye ile nyingine kuna mtu anaamka.

Najua wapo wanaofika mbali kuliko hapo kwa makali. Levon Biss wa Uingereza aliwapiga wadudu wa makumbusho ya Oxford kwa kuunganisha picha zaidi ya elfu nane kupata moja, kila kipande cha mwili na mwanga wake, na nilipoziona nilikaa chini. Ni wadudu waliokaushwa, wametulia milele. Kwa nyuki anayetetemeka njia hiyo haipo. Kuna karatasi moja ya fokasi na sekunde moja ya kuchagua uiweke wapi.

Kuna picha nyingine ambayo haina uzuri wowote na naihesabu miongoni mwa zenye nguvu. Januari, baba mdogo wa Igawilo aliona mahindi yake yametobolewa moyoni, na humo ndani kuna uchafu kama vumbi la mbao. Alisema ni funza wa mabua tu, atatia mchanga na majivu kama kila mwaka. Nilipiga kwa simu, likaonekana funza la kahawia. Nikaenda nyumbani kuchukua Raynox. Kwenye zumu ya 100 upana wa picha ni karibu sentimita tatu, kiwavi mkubwa anakaribia kujaa. Kichwani, katikati ya macho, kulikuwa na mstari mweupe wa umbo la Y iliyogeuzwa miguu juu. Kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, madoa manne meusi yamekaa pembe nne kama ya dadu. Nikamtumia afisa ugani wa kata. Jibu likaja kabla hatujafika barabarani: ni viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini mwaka 2017, na ile Y na yale madoa manne ndiyo alama zao. Akaja kesho yake, wakapita mstari kwa mstari na baba mdogo. Hapo sikuhitaji jani la mgomba nyuma wala kimo cha jicho. Nilihitaji kichwa na mkia viwe kwenye karatasi moja ya fokasi, kwa hiyo nilimpiga ubavu, kamera imelala sambamba naye. Picha ya kutambulisha mdudu ina adabu yake, na kamera ikisimama sambamba na mwili wake umeshamaliza nusu ya kazi.

Kitulo nilikwenda mara moja, Februari, kwa barabara ya kona hamsini na saba ya kupanda Matamba. Ni hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na ukiiona hulaumu jina. Kwa makro ilinishinda. Kule juu, mita 2,600, upepo haukai, na kwenye hifadhi hushiki ua wala hulikati. Nilirudi na picha tatu. Nenda uitazame, na lenzi ya kawaida itakutosha.

Sasa kwa anayetaka kununua. Angalia kwanza namba ya uzi iliyo mbele ya lenzi yako, yenye alama ya duara lenye mstari. Ikiwa kati ya 52 na 67, kishikio kitakaa. Lenzi ndefu ndiyo inayokifanya kioo hiki kiwe kioo. Ukikivalisha kwenye ile 18-55 inayokuja na kamera utapata chini ya nusu ya ukubwa halisi, nzi atabaki mdogo na utadhani umedanganywa. Kinataka 200 au 250. Kioo kidogo mbele ya lenzi kubwa kinaleta weusi kwenye pembe ukizumu kwa ufupi, nami kwa sababu hiyo nafanya kazi kuanzia 100 kwenda juu. Faida yake kubwa dhidi ya zile pete za kuingiza kati ya kamera na lenzi ni kwamba haili mwanga, na unaivalisha na kuivua mdudu akiwa hapo hapo bila kufungua kamera kwenye vumbi. Kwa vipepeo sikushauri: hawatoshi, na nusu shubiri ni karibu mno kwao. Ndugu yake, DCR-150, ana dayopta 4.8, umbali wake unakaribia shubiri nzima, na kama wewe ni mtu wa vipepeo na kereng'ende, chukua huyo.

Kama una laki tatu tu na huna flashi, nunua flashi kwanza. Nasema hivyo nikijua naandika habari za Raynox. Kioo bila mwanga kitakupa picha za nyuki waliolala tu, tena siku zisizo na upepo, na utakata tamaa kabla ya Pasaka.

Nisilolitegemea lilitokea Juni, msimu ulipofunguka. Bwana harusi mmoja alikuwa amechongesha jina la marehemu mama yake upande wa ndani wa pete, herufi ndogo kuliko punje ya mtama. Nilivalisha Raynox, nikaweka pete juu ya Biblia yao karibu na dirisha, kopo langu la aiskrimu juu. Jina lote lilisomeka. Tangu hapo kila harusi nina dakika tano za pete, na wateja wanaanza kuziomba kwa jina. Fedha ya kioo ilirudi kwa harusi nne.

Ile ya nyuki nimeichapisha kwa inchi 16 kwa 20, nikaipeleka Tukuyu. Mama ameitundika sebuleni, chini kidogo ya picha ya Baba. Aliitazama kwa muda, akauliza huyu anafanya nini. Nikamwambia ananawa uso, Mama. Akasema, "Ehee. Huyu yupo."

Leo jioni mvua imenyesha Isyesye mpaka saa mbili usiku na sasa mbingu ni nyeupe. Betri ziko kwenye chaji, na mpwa wangu ameshakata jani.